Nyumba Isiyo na Kelele

Mtu wa kwanza kuja kumtazama Njugu alikuja na mnyororo, na mimi sikumpa hata kiti. Alikuwa Elvis, mwenye duka la simu karibu na stendi ya Migori. Alikuwa ameambiwa kwamba kuna fundi wa nguo anayegawa mbwa mkali bure. Alisimama mlangoni pa kibanda changu, akapiga mluzi, akagonga meza kwa ule mnyororo. Njugu, aliyekuwa amelala chini ya cherehani, akatoa meno yote aliyopewa na Mungu.

"Eeh, hiyo ndiyo nataka," Elvis akasema. "Iko na hasira. Mwizi hawezi karibia."

"Haina hasira. Inaogopa."

"Si ni kitu moja tu, mathe?"

Nilimwambia aende akanunue kufuli.

Watu wa mji huu wanajua mbwa wa aina mbili, mkali na bure. Ukiwaambia kuna wa tatu, mwoga, wanakuangalia kama umeanza kuzeeka. Mbwa mkali anauma kwa sababu anaijua kazi yake. Mbwa mwoga anauma kwa sababu anadhani siku yake ya mwisho imefika, na Njugu alidhani hivyo kila mtu alipoangusha sufuria.

Alinijia wakati wa mvua ndefu, akitokea upande wa machimbo ya dhahabu, waya umemkaza shingoni mpaka nyama imeanza kuufunika. Rangi yake ilikuwa ya njugu zilizokaangwa, ndiyo maana nikamwita hivyo. Aliingia chini ya cherehani nikiwa nashona sare za shule, na kwa kuwa niliendelea kushona, naye akaendelea kulala. Kila kitu kingine duniani kilimtisha: viatu vya gambuti, fimbo, filimbi, mwanamume anayekimbia. Cherehani peke yake haikumtisha. Sijui kwa nini, na sikuuliza. Mtu akikukubali kwa sababu ndogo unashukuru tu.

Monari, daktari wa mifugo, alimdunga dawa ya usingizi ndipo akaukata ule waya. Akamchanja pia dhidi ya kichaa cha mbwa. Kisha akaniambia maneno ambayo sikuyasahau.

"Mellen, hii mbwa si ya kila mtu. Ukipatia mtu mbaya, itauma. Na ikiuma, itauliwa. Haitakuwa makosa yake, lakini ndiyo itakufa."

Ningemweka mwenyewe, lakini napanga chumba kimoja katika ploti ya Machuki, choo na bomba tunashirikiana, na watoto wa ploti ile wanacheza mpira mpaka mlangoni kwangu. Njugu alipompasua suruali muuza maji, Machuki alikuja amevaa koti, ishara kwamba hakuja kwa mzaha.

"Hii mbwa ni ya nani?"

"Si yangu," nikasema. "Nimeihifadhi tu."

"Basi itafutie mwenyewe kabla shule zifungwe. Watoto wakijaa hapa nikiikuta, nitaita vijana. Na unajua vijana hawaongei na mbwa."

Hapo ndipo nilipoanza kumtafutia Njugu nyumba. Risper, rafiki yangu wa kanisa, alimtaka kwa moyo mweupe, ila anakaa Rongo, na sebuleni kwake kwaya inafanya mazoezi. Mtu mmoja wa hoteli huko Takawiri alisema atamtumia mashua. Nilimuuliza mbwa akitishwa kisiwani akimbilie wapi, akacheka, akadhani natania. Nilikataa na mwingine, na mwingine, mpaka sokoni wakaanza kunicheka kwamba Mellen anauliza maswali kuliko mjomba wa bibi harusi. Nilikuwa nauliza kweli. Mna watoto? Mnapiga redio? Kuna mlevi nyumbani? Nani anapita na fimbo? Nilikuwa natafuta nyumba isiyo na kelele, na katika sehemu zetu hizi ni rahisi kupata dhahabu kuliko kupata hiyo.

Halafu Linet akamleta baba yake.

Linet ni mwalimu wa nasari hapa Migori, mteja wangu wa miaka. Baba yake, mzee Cephas, alikuwa mjane kutoka Rangwe, mfugaji wa nyuki. Alikuja kumjulia binti hali, akabeba na ovaroli yake ya kurina asali, imechanika kwapani, ili niitie kiraka. Aliingia kibandani polepole, akaketi, akaweka mikono juu ya magoti. Hakunyoosha shingo. Mimi nilikuwa nangoja mngurumo kutoka chini ya cherehani, na mngurumo haukuja.

"Kuna mtu hapo chini," mzee akasema, akiangalia barabara.

"Ni mbwa, jaduong'," nikasema, nikimwita mzee kwa Kidholuo. "Usimwangalie."

"Siangalii. Hata nyuki hapendi kuangaliwa."

Linet akafungua mdomo aseme kitu, nikamkanyaga mguu. Njugu alikuwa ametoa pua. Kisha kichwa. Alimnusa mzee kiatu, akanusa upindo wa suruali, naye mzee akaendelea kuhesabu malori kana kwamba ndiyo kazi iliyomleta mjini. Kiraka kilikuwa kimekwisha zamani. Nilikanyaga cherehani bila uzi, nikijifanya nashona, kwa kuogopa kwamba kimya kingemshtua.

Monari alitupeleka Rangwe na pikapu yake. Niliikagua ile boma kama mkaguzi wa afya. Ilikuwa mbali na lami. Watoto wa mzee walikuwa wote wamehama. Majirani hawakupita pale kwa njia ya mkato, kwa sababu ya mizinga iliyopangwa kando ya ua; nyuki walilinda amani kuliko askari. Redio aliisikiliza ameiegemeza sikioni. Njugu akaingia ndani, akaenda moja kwa moja chini ya kitanda cha mzee, akalala. Mzee akaketi mlangoni, mgongo ukiwa umemwelekea, akasema kwa sauti ya chini, "Mos. Mos. Bi." Polepole, njoo. Hakurudia. Alimwacha achague.

Nikaacha kukagua, nikaketi.

Tukanywa chai, Linet, mzee na mimi. Nilikuwa nimemaliza maswali yangu yote, na mzee akaona nimemaliza, akaweka kikombe chini.

"Nyathina," akaniambia, maana huniita mtoto wake ingawa nina wajukuu, "umeuliza vizuri. Lakini iko moja hujauliza. Mimi ni mtu mzee. Siku nitaenda, hii boma—"

"Baba, wachana na hizo story," Linet akamkata. "Unajiitia nini?"

"Nasema tu, siku hiyo watu watakuja wengi hapa, na huyu—"

"Mzee, wewe hauendi mahali," nikasema nikicheka, nikamwongezea chai. "Utaishi mpaka umzike huyu mbwa."

Ndivyo tunavyomjibu mzee akitaja kifo chake. Mjaluo angejibu hivyo, Mkisii angejibu hivyo, hata Mkuria wa kule mpakani. Kumwacha amalize sentensi ni kama kumfungulia mlango atoke. Tulimziba mdomo kwa heshima na upendo, na yeye akatuangalia mmoja baada ya mwingine, akachukua chai yake. Hakuitaja habari hiyo tena.

Nilikwenda kumwona Njugu kila nilipopata nafasi. Mara ya kwanza alinijia mbio. Mara nyingine alinijia akitembea. Ikafika siku nikamkuta amelala chali juani, tumbo wazi, karibu na mizinga, na mzee ameketi kando anachonga kifuniko cha mzinga kwa kisu, bila haraka. Njugu aliinua kichwa, akanitambua, akapiga mkia chini kidogo, akalala tena. Nilimwonea mzee wivu. Nilirudi Migori nikilia ndani ya gari kama mama aliyemwozesha binti, na abiria mwenzangu akanipa leso bila kuuliza kitu.

Mzee Cephas aliaga wakati njugu mashambani zinang'olewa. Linet aliniambia kwenye simu, na mimi, Mungu anisamehe, baada ya pole mbili tatu nikauliza, "Na Njugu?"

"Iko tu chini ya kitanda ya baba, anti. Haitoki. Gordon anaiwekea chakula." Gordon ni mpwa wa marehemu, kijana wa bodaboda. "Anti, tafadhali, tunataka utushonee uniform. Ya mabinti na ya wake wa ndugu zangu. Kitambaa iko njiani."

Ningesema nakuja kesho kumchukua mbwa. Lakini nimpeleke wapi? Machuki alishasema neno lake. Monari ana mbwa watatu wakorofi nyumbani. Nilianza kumbembeleza Machuki upya, mwili wa mzee ukiwa bado mochari Homa Bay, na mchana kutwa nikawa nashona nguo za msiba, kitambaa cha zambarau chenye maua meupe. Cherehani ikilia, nami nikitazama chini pale penye nafasi yake. Hatimaye Machuki akachoka nami, akasema mbwa anaweza kukaa stoo ya mbao nyuma ya ploti, ila kwa muda. Nikamwambia Linet nitamchukua nikileta nguo, siku mwili unafika nyumbani.

"Kutakuwa na tero buru?" nikamuuliza. Nimekaa na Wajaluo maisha yangu yote, najua mzee mwanamume anavyosindikizwa: mafahali wanakimbizwa, vijana na marungu na matawi, kelele ya kukifukuza kifo nje ya boma.

"Hapana, anti. Baba alikuwa mtu wa kanisa. Tumekubaliana na pasta, ni maombi tu."

Nilimwamini. Nilisahau kwamba marehemu ana mabinti wanaokubaliana na pasta, na mabinti hao wana wajomba.

Nilifika Rangwe mchana, mfuko wa nguo begani, kamba na ukanda wa shingo mkobani. Boma sikuitambua. Kulikuwa na mahema, viti vya plastiki, jenereta, spika kubwa kama kabati. Kitu cha kwanza nilichokiona ni mizinga. Midomo yake yote ilikuwa imezibwa kwa majani, na juu yake wametandika magunia yaliyolowa maji ili nyuki wasipate joto. Mtu alikuwa ameifanya kazi hiyo kwa uangalifu. Kwenye mikutano ya mazishi walikaa wakajiuliza, je, nyuki wakichafuka mbele ya waombolezaji? Nyuki walikumbukwa. Asiyekuwapo na lake halipo, wahenga walisema, na Njugu hakuwa na mtu kwenye mkutano ule.

Nilikimbilia nyumba ya mzee. Kitanda kilikuwa nje, kimesimamishwa ukutani. Walikuwa wametoa vyombo vyote kupisha jeneza.

"Mbwa iko wapi?" nikamuuliza Gordon, aliyekuwa akifunga matawi kwenye pikipiki yake.

"Ilitoka tulipoinua kitanda. Iko huko nyuma ya jikoni, mama. Hatujaigusa."

"Haya matawi ni ya nini?"

Hakunitazama usoni. "Wajomba wamekataa. Wanasema mzee hawezi zikwa kama mtoto."

Njugu alikuwa amejibana kati ya tangi la maji na ukuta. Alikuwa amekonda, na manyoya ya mgongoni yamesimama yote. Aliponiona alinguruma, na mimi sikumlaumu. Niliketi chini kwenye matope, mgongo nimempa, macho kwenye miti, kama mzee alivyokaa siku ile mlangoni. Nguo zangu za msibani zikaingia maji. Niliweka mkono nyuma, kiganja wazi.

"Mos," nikasema. "Mos. Bi."

Kidholuo changu ni kibaya, lakini hiyo ilikuwa lugha yake sasa. Nilikaa. Upande wa mbele pasta alikuwa anajaribu spika. Nilikaa tu. Kisha nikasikia kucha zake kwenye simiti, hatua, kimya, hatua nyingine, na pua baridi ikagusa kiganja changu. Aliweka kidevu mkononi mwangu, chote, uzito wake wote, akashusha pumzi. Nilifurahi vile ambavyo mtu hapaswi kufurahi msibani. Niligeuka taratibu, nikampitishia ukanda shingoni, pale ambapo waya ulimwachia alama. Kidole changu kilikuwa kwenye kifungo.

Wakaja kwa nyuma. Wala hawakupitia langoni, walipita pale pale jikoni, mafahali mbele, pikipiki zikinguruma, vuvuzela, filimbi, mtu anapiga debe, vijana wamejipaka udongo usoni, marungu juu. Niliona pembe ya fahali ikipita juu ya tangi. Njugu hakuwa na pa kukimbilia ila kwangu, na aliponifikia alikuwa hanijui tena. Alinishika mkono juu ya kiwiko, akauma, akakaza.

Nilipiga kelele.

Mimi, niliyekuwa nikifundisha Migori nzima kwamba ukiwa karibu na huyu mbwa usipige kelele. Boma nzima ilikuwa inalia, pikipiki, vuvuzela, wanawake, na bado katika kelele zote hizo wakaisikia yangu, kwa sababu kilio cha mama anayeumwa kila mwanamume anakijua. Wakaja kunisaidia. Marungu walikuwa nayo mikononi tayari, yaliyokusudiwa kukifukuza kifo, na sikuwahi kumaliza kusema wangojee.

Aliniachia kwanza. Hilo nataka lijulikane. Aliniachia mkono kabla rungu la kwanza halijamfika, akarudi nyuma, akatazama chini, kama anavyofanya akijua amekosea. Hakumgeukia hata mmoja wao.

"Pole, mama," akasema mmoja, anahema, jasho linapasua udongo wa usoni mwake. "Tumekuokoa." Alikuwa na uso mzuri, uso wa kijana aliyefanya jambo jema siku ya msiba wa mjomba wake. Siwezi hata kumchukia vizuri.

Linet alikuja amevaa nguo niliyomshonea. Alinikuta nimeketi pale pale, kichwa cha Njugu mapajani, ukanda umefungwa nusu. Alitazama, akaweka mkono mdomoni.

"Alitaka kutuambia," akasema. "Baba. Ile siku ya chai."

Nilisema najua. Spika ikamwita binti wa marehemu aende mbele. Gordon ndiye aliyemchimbia Njugu kaburi, upande wa mizinga, mzee akiwa bado hajazikwa. Wajomba walinung'unika kwamba si adabu mbwa kumtangulia mwenye boma. Gordon akaendelea kuchimba. Nami nikakumbuka nilivyomwambia mzee kwa mzaha kwamba ataishi mpaka amzike mbwa huyu.

Kisha Gordon akanipakia kwenye pikipiki ile ile, matawi bado yamefungwa, akanipeleka zahanati. Muuguzi alikuwa msichana mchangamfu. Aliosha jeraha kwa sabuni na maji mengi, akaniambia nitahitaji sindano za kichaa cha mbwa na nisikose hata moja. Nikamwambia mbwa alikuwa amechanjwa, kwamba aulize daktari Monari wa Migori, na kwamba hakuwa mkali. Nadhani nilisema mara nyingi kwamba hakuwa mkali, kwa sababu aliacha kunifunga bandeji akanitazama.

"Sawa, mama, nimesikia," akasema kwa upole. "Ni ya kuzurura, ama iko na mwenyewe? Ni ya nani?"

Gordon alikuwa mlangoni, anatazama viatu vyake vyenye udongo wa kaburi. Mkono ulikuwa umeanza kuuma sasa.

"Ni yangu," nikasema.